Sufuria ya Mama Mkwe

Kila msimu fundi wa magari wa Gikondo, mtaa wa Kigali, huwapeleka watu wake kuvua katika ziwa Muhazi, masika na miamvuli, kiangazi na kofia. Béatha, mkewe, amezoea kumwona ameshika mshipi kwa kidole kimoja, kichwa kakiinamisha, kama anavyosikiliza injini. Amezoea pia ile sufuria ya pili. Fundi alikulia Burundi, kando ya ziwa, akila samaki. Mama mkwe wake, mama yake Béatha, ni wa kizazi cha Wanyarwanda kisichokula samaki, na huziba pua hata samaki akiwa bado majini. Basi kabla ya kugusa chambo, fundi humpikia maharage kwenye sufuria ambayo samaki hajawahi kuingia, na humpa sahani kwa mikono miwili.

Julai hii alikuwa anampakulia pale ufito wake wa kuvulia, ambao shemeji yake alikuwa ameutia chambo na kuukita ukingoni, ulipopinda hadi kugusa maji. Shemeji na marafiki wakamwita. Hakugeuka.

“Mkwe, samaki wako anakwenda,” mama akasema.

“Aende, mama. Maharage yatapoa.”

Mama akamtazama. Akaweka sahani kwenye nyasi, akanyanyuka akiguna, akaushika ufito mwenyewe.

“Haya, niambie,” akasema. “Huyu anavutwaje?”