Akaunti Mama Isiyo na Riba

Mguu wangu wa kushoto ulibaki Msata, na waliouondoa nawajua. Wa kwanza ni tajiri mwenye malori, aliyeambiwa breki hazishiki akajibu kwamba saruji ya watu haisubiri. Wa pili ni fundi wake, mtu wa kuungaunga vipuri, ambaye alichofunga kwenye lori moja alikifunga kwenye malori yote ya tajiri yule. Wa tatu ni dereva, aliyeruka mlangoni akaniacha mimi utingo wake juu ya mifuko. Majina yao siyaandiki, hayastahili wino wangu. Wenyewe wanajijua, na kila mmoja anatembea kwa miguu miwili. Nikirudi nyuma zaidi namtaja na baba mdogo, aliyenitoa shule darasa la tano nikamchungie mbuzi. Huyo ameshakufa. Mungu amrehemu, lakini alinidhulumu.

Nayasema haya mwanzoni ili mtu asije akanisifu kwa huruma. Ninachosimulia ni programu ya akaunti niliyoiandika mwenyewe, inayofanya kazi hapa Bagamoyo mpaka leo, nami najivunia.

Baada ya ajali nilipata kazi kwenye duka la kuchapa na kutoa fotokopi, karibu na stendi. Kazi yangu ilikuwa kubana karatasi za watu na kuangalia mashine isizitafune. Kompyuta ikiwa haina mtu, nilichapachapa, vidole vikazoea. Ndipo akaja mwalimu mmoja kutoka bara, akafungua darasa la kompyuta kwenye chumba cha misheni, akatangaza kwamba anayetaka kujifunza kuandika programu aje, ada atalipa akipata. Wenzangu wote walikuwa vijana wa sekondari. Kiingereza cha programu wao walikisoma. Mimi nilikishika kama nilivyozishika alama za barabarani enzi za lori. Hujui pameandikwa nini, lakini unajua hapa ni kona, hapa punguza mwendo.

Somo lililonikamata ni la kurithi. Mwalimu alisema ukitaka kompyuta ijue akaunti ya benki ni kitu gani, unaiandikia kwanza kalibu, kama kalibu ya tofali. Ndani yake unasema: akaunti ina mwenyewe, ina salio, inawekwa fedha, inatolewa fedha. Hiyo ndiyo akaunti mama. Halafu unaandika kalibu ya pili, tuseme ya akiba, na badala ya kurudia yote unaiambia imrithi mama yake. Papo hapo inajua kuweka na kutoa, nawe unaiongezea lile la kwake tu. Ya biashara vivyo hivyo. Ya watoto vivyo hivyo. Vijana walinakili ubaoni wakaenda kunywa chai. Mimi nilibaki natazama. Kitu unakiandika mara moja, na wote watakaokuja nyuma wanakipata bila kuomba! Sijawahi kuona jambo la haki namna ile.

Basi, chama cha akiba na mikopo cha wafanyabiashara wa sokoni kikataka programu ya akaunti zake. Mwalimu akatugawia kazi ile darasani, na iliyosimama ikafanya kazi ilikuwa yangu. Chama kingeajiri mtu mmoja wa kuisimamia, kwa mshahara.

"Mzee wangu," mwalimu akaniambia, "wakiikubali, nafasi ni yako. Wakiikataa watanunua ya Dar."

Na wakinunua ya Dar, mimi narudi kubana karatasi mpaka nife.

Tukaenda mbele ya kamati. Mwenyekiti ni bibi wa mjini kabisa, wa ukoo wa wauza vitambaa, anayesalimia mtu mmoja mmoja hata mkiwa arobaini. Katibu wake ni mkulima wa mananasi, Mkristo, mwenye maneno mengi. Nikamwamkia bibi, akaitikia marahaba, akaniuliza hali ya mguu, nikafungua kompyuta. Nikamwonyesha akaunti yake: jina, salio, na chini yake riba, sifuri.

"Hii ya chini ni nini, mwanangu?"

"Riba, bibi. Wewe nimekuwekea sifuri, kwa kuwa huitaki."

"Siitaki, ndiyo. Sasa kama siitaki, imefuata nini kwangu?"

Mwalimu akaingilia. "Mama, sifuri maana yake haipo."

"Mwalimu, ukinialika kwako ukanipakulia wali, ukaniambia humu mna nguruwe ila kiasi chake ni sifuri, nile?"

"Mwenyekiti," katibu akasema, "hapo umegusa kitoweo changu."

"Kitoweo chako nani kakukataza? Mimi nasema sahani yangu!"

Kamati nzima ikacheka. Mwalimu akajaribu tena: basi pale pasomeke faida, pasisomeke riba.

"Paka ukimwita sungura utamchinja?" bibi akamuuliza.

"Jamani, mimi yangu ya riba ibaki," katibu akasema. "Tena ikiwezekana inenepe."

Nami kwa kiburi changu nikasema, "Bibi, hiyo nimeifunga. Haiwezi kuamka."

Bibi akaniambia, "Watoto wa madrasa wanataka mahali pa kuweka vijisenti vyao. Wafungulie aina yao ya akaunti, hapa hapa, nione."

Ilikuwa kazi ndogo. Nikaandika kalibu mpya, nikaiambia imrithi mama, nikatia jina la mtoto wa kubuni na fedha kidogo, nikaiambia kompyuta ifunge mwaka. Na kwenye kioo, mbele ya macho ya watu wote, salio la mtoto wa madrasa likaongezwa riba.

"Subhanallah!" mjumbe mmoja akapiga makofi. "Watoto wa chuoni wamelishwa riba mbele ya mwenyekiti!"

Wakacheka wengine. Bibi hakucheka.

"Hukukusudia," akaniambia taratibu. "Na imeingia. Wazee wa mjini hawataweka senti yao humu, mwanangu. Rekebisha ulete, au tuseme hapana."

Kilichotokea ni hiki. Kwa kuwa wanachama wengi walitaka riba, niliiweka kwenye akaunti mama, nipate kuiandika mara moja tu. Wasioitaka niliwaandikia sifuri mmoja mmoja. Akaunti ya madrasa nilisahau kuiandikia sifuri yake, basi ikachukua cha mama kama kilivyo. Mimi mwenyewe naswali, lakini sijawahi kuwa na fedha za kutosha kuiogopa riba. Sikuifikiria kabisa.

Narudi nyumbani na magongo yangu nikawa namfikiria yule fundi. Miaka yote nimemlaani kwa sababu kosa lake moja alilisambaza kwenye malori yote, na tajiri yule kila aliponunua lori jipya, nalo lilipelekwa kwake likapewa kosa lile lile kabla halijatoka barabarani. Sasa mimi nimefanya nini? Nimemtia mama kitu ambacho si cha kila mtoto, halafu nategemea kumbukumbu ya mtu kukizuia. Tofauti yangu na fundi ilikuwa moja, nayo nilitaka ionekane: mimi nimeambiwa kabla mtu hajaumia.

Mwalimu aliona najisumbua. "Mzee, iandikie programu ilazimishe kuuliza kiwango kila aina mpya inapofunguliwa. Atakayekuwa hataki atajaza sifuri. Yaishe."

"Haiishi, mwalimu. Bibi kasema haitaki sahanini, hakusema ipimwe upya."

Nikaitoa riba kwenye akaunti mama. Loo! Kila kitu kikaanguka. Akaunti ya akiba ikalalamika, ya biashara ikalalamika, hesabu za kufunga mwaka ndiyo hazikutaka hata kuanza, maana zilikuwa zinamdai riba kila mtu. Nilikaa nayo siku nyingi, nikilala nayo kichwani. Mwisho nikaandika kalibu ya katikati, nikaiita akaunti yenye riba. Yenyewe inamrithi mama, inaongeza riba, na za kina katibu zinairithi hiyo. Akaunti ya amana ya bibi na ile ya madrasa zinamrithi mama moja kwa moja, na mama hana habari ya riba. Hesabu za kufunga mwaka nikaziambia ziulize riba kwa wenye riba tu. Mama akabaki mwembamba: mwenyewe, salio, kuweka, kutoa. Niliposoma mistari yake nilifurahi kama mtu aliyefagia uwanja.

Tukarudi kwenye kamati.

"Ya madrasa," bibi akasema, hata salamu hazijapoa.

Nikaifungua mbele yake, nikafunga mwaka. Salio likabaki lile lile. Palipokuwa pakisomeka riba hapakuwa na neno.

"Sasa itie kwa nguvu."

"Bibi?"

"Jifanye mwizi, au msahaulifu. Iamrishe iongeze riba."

Nikaiandikia amri hiyo. Programu ikakataa, ikajibu kwamba akaunti ile haina kitu hicho.

"Inasemaje?"

"Inasema haikijui, bibi. Haikuzaliwa nacho."

"Na ya katibu?"

Nikaiamrisha ya katibu, riba ikaingia. Katibu akanyoosha mikono juu kama yuko kanisani. "Amina! Kila mtu na jiko lake."

Hapo mwalimu akasimama. Namtaja na yeye, ingawa alinifundisha na shukrani yake ninayo. Alisema kazi imekamilika, na sasa angependekeza programu isimamiwe na kijana wake mmoja mwenye diploma, mimi niwe msaidizi. Alisema bila kunitazama. Mimi nikaukamata mkono wa kiti, maana nilijua nikifungua mdomo yatatoka na ya Msata.

Bibi akamuuliza, "Ile sifuri, nani aliitia?"

Nikasema, "Mimi, bibi."

"Na kuiondoa?"

"Mimi."

"Huyo kijana alikuwepo?"

"Hakuwepo," mwalimu akakiri.

"Basi huyu anajua ilipoingilia na ilipotokea. Mgeni ataanza kupapasa." Akawageukia wenzake. "Mwenye neno?"

Hakuna aliyekuwa na neno, hata katibu. Wakaniuliza kama nina sharti lolote kabla ya kuanza kazi. Nikawaambia ninalo: nataka kiti chenye mgongo, na meza iwe yangu peke yangu. Wakacheka, wakidhani natania. Jumatatu nilipofika nikakuta meza tupu, na kiti chenyewe bado kina nailoni ya dukani. Sikuiondoa mpaka wote walipokuwa wameingia wakaiona.