Kifuniko cha Tangi la Presha

Fundi wetu wa pampu hapa Nzuguni haanzi na spana. Hulaza shavu kwenye tangi la presha, akafumba macho, akaligonga kwa vifundo vya vidole kutoka juu kushuka chini. Penye upepo hulia, penye maji huwa kimya. Siku ile lilikuwa kimya lote, na pampu ya kisimani ilikuwa ikiwaka na kuzima kila tukifungua bomba.

"Nani katoa upepo?" aliuliza.

Ni mimi. Nilidhani upepo unayanyima maji nafasi. Lakini nikasema, "Labda Devota," dada wetu wa kazi, aliyesimama pale pale na ndoo yake. Devota akainama. Yule mzee fundi akazima umeme, akamwaga maji, akajaza upepo kwa pampu ya baiskeli, akitua kila mara kugonga na kusikiliza. Kisha akaninyooshea kiganja chenye grisi. Kifuniko cha valvu ya kujazia upepo kilikuwa kinaonekana ndani ya mfuko wa shati langu jeupe la ofisini. Nikampa.

"Upepo huwa unapungua wenyewe, binti yangu," alimwambia Devota.

Maji yakatoka bila kusitasita. Nikamfungulia fundi bomba anawe. Akalipita, akanawa kwenye ndoo ya Devota.