Kilio cha Mama Kwenye Chati za Uingereza

Nikiwa kwa kinyozi mjini Eldoret, nilisikia marehemu kaka yangu akiitwa.

"Phineas! Phineas, umeniacha na nani?"

Sauti ilikuwa ya mama. Na mama nilikuwa nimemwacha nyumbani Kapseret, akikata nyasi za ng'ombe.

Niliruka kitini, nusu ya kichwa imenyolewa.

"Tulia, msee!" Kipyego, kinyozi wangu, akacheka. "Ni ngoma tu. Dancehall ya Uingereza. Iko namba tatu kwa chati zao, na wewe unajiita mshairi hata huijui?"

Akairudisha mwanzo. Besi ikagonga, jamaa akachana mistari kwa Kiingereza, halafu sauti ile ikaingia tena. "Phineas!"

Wateja wakaitikia kwa pamoja, wakitikisa vichwa.

Niliogopa. Nichekeni mkitaka.

Sisi ni Wabukusu. Nyanya yetu alituonya kwamba familia ikishanyoa nywele baada ya mazishi, kilio kimefungwa. Ukimlilia marehemu tena kwa jina, unamwita aje achukue mwenzake.

Na mama ana presha. Daktari alishatuambia mshtuko mmoja unaweza kummaliza.

Sasa Uingereza nzima ilikuwa inamwita Phineas, huku inacheza.

"Zima!"

"Ati?"

"Zima, Kipyego, ama nivunje hiyo spika!"

Alizima. Lakini duka la simu lililo ng'ambo ya barabara lilikuwa linacheza hiyohiyo.

Nikampigia mama. Hakushika.

Nikarukia boda boda. Tukitoka mjini, dereva akaanza kupiga mluzi. Wimbo uleule. Nilitamani kumtia ngumi ya mgongo.

Nyumbani, panga lilikuwa chini kando ya nyasi. Ng'ombe alikuwa analia njaa. Ndani ya nyumba, besi ilikuwa inagonga.

"Mama!"

Nikasukuma mlango. Mama alikuwa ameketi sakafuni, macho amefumba, redio mapajani, mabega yanatetemeka.

Nikajua nimechelewa.

"Mama! Mama!"

Akainua kidole.

"Nyamaza, Wanyonyi. Sehemu yangu inakuja."

Nikakaa papo hapo mlangoni.

Wimbo ulipokwisha, akapangusa machozi. "Leo umefika namba moja. Nabwire amenipigia."

Nabwire ni binamu yetu, muuguzi kule Birmingham. Mumewe hutengeneza muziki.

"Ni wao walituibia?"

"Nani ameiba? Phineas alipokufa, Nabwire alikosa ndege. Akaniomba nijirekodi nikilia, nimtumie kwa simu, tulie pamoja. Miezi kadhaa iliyopita mumewe akaomba kukitia kwa wimbo. Nikamwambia atie."

"Na onyo la nyanya, mama? Kilio si kilifungwa?"

Akaniangalia kwa hasira ambayo sikuwa nimewahi kuiona.

"Kinafungwa watu wakishalia. Watu walilia wapi? Ilikuwa korona. Maaskari wanatuambia harakisheni, majirani wamesimama nje ya ua. Mtoto wangu alizikwa kama mwizi! Wewe ulikuwa na mashairi yako. Mimi nilikuwa na nani?"

Nikasogea, nikakaa karibu naye.

"Wacha wamwite," akasema. "Wakichoka, nitakifunga kilio mwenyewe."

Wewe unayesoma hapa, kama kwenu kuna mtu aliyezikwa haraka, usimnyamazishe mama yake ukidhani unamlinda. Kaa chini, umuulize kama amemaliza kulia.