Makopa ya Mama Mkwe na Ndege wa Mbali

Nakumbuka siku moja nikiwa mwali wa miezi miwili pale Tingi, mwanangu, mama mkwe aliponiomba macho yangu nami nikampa mdomo. Ulikuwa mwisho wa kiangazi. Makopa, ile mihogo tuliyoimenya mpaka vidole vikatoka malengelenge, yalikuwa yameanikwa juu ya mwamba nyuma ya nyumba. Hicho ndicho kilikuwa chakula chetu cha miezi ya njaa, na hatukuwa na kingine.

Mama mkwe alikuwa haoni mbali. Amekaa kibarazani anasuka ukili, akasikia milio juu ya mikorosho ya ng'ambo.

"Mwali, ndege gani wale?"

Nilitupa jicho mara moja tu. Vidoa vyeusi, basi. "Mbayuwayu, mama."

"Umewatazama vizuri?"

"Nimewatazama. Kwetu Somanga wamejaa tele."

Akaendelea na ukili wake. Kusema kweli sikuwa na hakika, lakini bibi harusi mgeni kumwambia mama mkwe "sijui" niliona ni aibu kubwa. Ujana una kiburi cha ajabu, mwanangu. Hata leo nikikumbuka najicheka, kisha nasikitika.

Kumbe walikuwa teleka, ndege wanaofanana na mbayuwayu, ambao kwetu huonekana makundi kwa makundi mbele ya wingu la mvua. Sijamaliza kuosha sufuria, mvua hiyo! Tulianua tulichoweza, tunakimbia na vikapu huku tunateleza, lakini karibu nusu ya makopa yalilowa, na baadaye yakaota ukungu.

Wifi yangu mkubwa akaja uani, uso ameukunja. "Nani alikuwa anaangalia mbingu?"

Nilitetemeka. Nilijiona kabisa nikirudishwa kwetu na sanduku langu kichwani.

"Mimi," mama mkwe akasema. "Nilipitiwa na usingizi."

Mama yule hakuwa amefumba jicho tangu alfajiri. Wifi akaguna, akaondoka.

Tulipobaki wawili nilipiga magoti nikalia. Hakunikaripia kwa sauti. "Ungesema hujui, ukanieleza wanavyoruka, ningewajua mwenyewe," alisema. "Mbali, ndege wote ni weusi. Tazama mwendo wao."

Kuanzia kesho yake akanifundisha. Mbayuwayu hupiga mbawa kwa utulivu, huteleza kidogo, hushuka mpaka karibu na majani, hukata kona ghafla, na akichoka hutua kwenye tawi kavu. Teleka hukaza mbawa zake kama mundu, huzipapatisha upesi upesi, kisha huteleza mbali bila kuzikunja. Tawini hutamwona ametua kamwe. Nilikuwa namsimulia kila ninachokiona, naye anatikisa kichwa na kucheka, "Haya, huyo ni nani sasa?" Nilimpenda sana mama yule.

Miezi ya njaa ilipofika tulikula mlo mmoja kwa siku. Hakunitajia makopa hata mara moja, wala hakumwambia mwanawe, mume wangu, mpaka anaingia kaburini. Namshukuru mpaka leo, na ndiyo maana nakueleza wewe jambo ambalo sijawahi kumwambia mtu.

Basi shika haya, mwanangu. Mtu akitegemea macho yako, mwambie ulichokiona, si unachodhani kitakupa sifa. Kama hujui, sema hujui, halafu tazama tena. Usikipe kitu jina kwa umbo lake tu ukiwa mbali. Subiri uone mwendo wake, awe ndege, awe binadamu. Na mdogo wako akikosea akiwa anatetemeka mbele ya watu, msitiri kwanza, mfundishe baadaye.

Mwenyezi Mungu akupe macho yenye subira na ulimi usioogopa kusema sijui. Na siku utakapokosea, maana utakosea, akujaalie mtu wa kusema "ni mimi" kwa ajili yako.