Rangi ya Jino la Mama Ndunge

Niliondoka Machakos Jumanne asubuhi kwa sababu jino la Mama Ndunge lilikuwa limenipasukia mara mbili, kila likitoka kwenye tanuri. Mimi ni fundi wa meno ya bandia. Miaka yote nimevisha kauri juu ya chuma. Zirkonia, ile kauri ngumu inayoshika nafasi ya chuma, nimeianza juzijuzi tu. Mama huyu, mkulima wa Kithimani, alikuwa na ntheo, sherehe ya mahari ya bintiye, Jumamosi, na aliapa hatafungua mdomo mbele ya wakwe walete mbuzi wasilete, jino lake la mbele likiwa kisiki. Kiini cha zirkonia, kile cha ndani kinachovishwa unga wa kauri, nilibaki nacho kimoja.

Saa nne nilifika Athi River, duka la vifaa vya meno. Mwenyewe, Bi Zeinabu, aliwahi kuwa fundi kama mimi. Nilimwekea mezani chupa yangu ya unga wa kauri na jino lililopasuka.

"Hii unga ni ya chuma," alisema. "Ikipoa inasinyaa kushinda zirkonia, lazima ipasuke. Na jiwe ya kusagia?"

"Ni lile lile la chuma."

"Hiyo pia inaitia ufa." Niliona aibu, sifichi. Akanipa unga wa kuvishia zirkonia na jiwe laini la almasi, akaniagiza nisage kwa maji na niache tanuri lipoe polepole.

Ikabaki rangi. Nilichukua nyeupe kuliko zote.

"Mteja ni wa wapi?"

"Kithimani. Wanakunywa maji ya kisima."

"Basi mwambie akutumie picha akicheka."

Nilimpigia. "Asi! Nicheke kwa simu na jino imevunjika?" Mama Ndunge alifoka, lakini picha ikaja. Meno yote yalikuwa na michirizi ya kahawia, kama ya wengi waliokulia maji hayo. Bi Zeinabu akarudisha weupe wangu rafuni, akaleta rangi iliyofifia na kichupa cha rangi ya kahawia ya kuchorea michirizi. Nilibisha, niliona namfanyia mama hisani.

"Fundi, unatengeneza jino yako ama yake?"

Nilirudi Machakos alasiri nikiwa nimenuna. Alhamisi nilifungua tanuri kwa woga. Jino halikuwa na ufa.

Ijumaa, daktari alipomaliza kulibandika, Mama Ndunge alishika kioo, akakigeuza huku na huku, hadi nikaanza kujilaumu. Kisha akamwita bintiye.

"Ndunge, kuja. Nionyeshe ile wameweka."

Ndunge akainama, akachunguza, akaonyesha la kando, lile la asili. Mama yake akaangua kicheko, mdomo wazi.

Siku hizi, kabla sijagusa chupa yoyote, namwomba mteja acheke kwanza.