Pimbi kwenye blanketi la mama mkwe

Jamani, blanketi la mama mkwe limepata wapangaji!

Asubuhi nimelianika kwenye jiwe nyuma ya nyumba, hapahapa Iringa mjini. Ukungu ulipoondoka nikaenda kuligeuza.

Nakuta pimbi kajilaza katikati, kafumba macho, watoto wake wawili mgongoni. Wanaota jua.

Haohao wanaonimalizia chainizi bustanini!

Nikainua ufagio. Mama mkwe akanishika mkono.

"Waache, mwanangu. Na wao wamelala na baridi."

Huyu mama tangu aje kutoka Kilolo hana raha. Anasema mjini ni kuta tupu. Kesho anarudi kwake.

Tukakaa kibaraza cha nyuma kuwaangalia, mpaka chai ikapoa.

(Semeni ukweli, nyie mngewafukuza?)

Halafu akaniuliza, taratibu, asije akawaamsha:

"Kesho kutwa utalianika tena, tuwaangalie?"