Ganda la Kirusi Lililosukwa Palma

Nilikwenda Palma kwa sababu ya kitu kisichoonekana kwa macho. Chuo kimoja cha Dar es Salaam kilitangaza nafasi moja ya kusomea virusi, na sisi walimu wa sekondari tulioiomba tukatakiwa kusimama mbele ya jopo na kufundisha somo moja kwa nusu saa. Mwaka uliofuata ningekuwa nimepita umri wa kuomba, kwa hiyo kwangu ilikuwa ndiyo hiyo au basi.

Nilichagua kufundisha ganda la protini, lile gamba linalobeba uzi wa urithi wa kirusi. Ganda hili huzaliwa dogo, la mviringo, lenye ukuta mnene. Likikomaa hutanuka, ukuta ukawa mwembamba na pembe zikajitokeza. Haliongezewi kipande hata kimoja. Ni vipande vilevile vimejigeuza na kulala. Nilitaka jopo lione mabadiliko hayo yakitokea mikononi mwangu. Nikajaribu karatasi, zikachanika. Nikajaribu plastiki, ikagoma. Zikabaki siku kumi.

Ndipo nikamkumbuka Shangazi Somoe, dada yake baba, aliyeolewa Palma, ng'ambo ya Ruvuma, na ambaye husuka madema, mitego ya samaki ya fito za mianzi. Ukuta wa dema ni macho ya pembe sita yaliyoshikana, na ukuta wa kirusi ni hivyohivyo. Nikajiita mpumbavu kwa kutomfikiria mapema.

Ijumaa, saa moja asubuhi, niliondoka Mtwara kuelekea mtoni Kilambo. Kivuko kilikuwa kimekwama kwenye mchanga, tukavushwa kwa mtumbwi huku viboko wawili wakitutazama kama wenye nyumba wanaotazama wageni wasioalikwa. Upande wa pili afisa wa mpakani, kijana aliyeletwa kazini kutoka kusini mwa Msumbiji, aliniuliza nimefuata nini.

"Nafuata mtego wa samaki," nikamjibu, "wa kufundishia virusi."

Akarudisha pasipoti yangu mezani kwa ncha ya vidole. Nikaeleza, nikachora, nikaapa kwamba mimi ni mzima. Mwishowe akacheka.

"Siku hizi wote wanakuja kwa sababu ya gás," akasema kwa Kiswahili cha kujifunza. "Wewe peke yako umekuja na doença, na ugonjwa."

Alasiri nikaingia Palma. Tangu gesi igunduliwe baharini mji ulikuwa umebadilika kuliko nilivyouacha: magari meupe kila kona, wapimaji wenye kofia ngumu, na kila chumba chenye kitanda kina mpangaji. Hata shangazi alikuwa amempangisha mpimaji mmoja chumba cha wageni. Mimi nikapewa stoo, katikati ya madema.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Umekonda, mwalimu. Hao virusi wako wanakula nini hata wanakumaliza wewe?"

Shangazi Somoe ni mfupi, mkali wa maneno, na nampenda kupita kiasi. Nikamweleza kwamba hawa ninaowasema hawamgusi mtu, wanashambulia bakteria. Wapo hata wanaoua bakteria wa kipindupindu.

Aliposikia neno hilo akaweka chini kisu alichokuwa akimenyea muhogo. Mumewe, marehemu Bakari, alikufa kwa kipindupindu, naye ndiye aliyekuwa fundi wa madema. Aliacha moja limesukwa nusu. Shangazi alilikalia mbele wiki nzima, akilifumua na kulifuma upya mpaka akaujua mkono wa mumewe. Wanaume wa pwani walimcheka kwanza, kisha wakaanza kununua.

"Nitakusukia," akasema. "Ila mianzi hakuna. Empresa, hizi kampuni zinazojenga makambi, zimeimaliza kwa kujengea ua."

Jumamosi asubuhi nikapanda pikipiki kwenda kutafuta mianzi bara, njia ya Pundanhar. Kuiita njia ni kuipa heshima. Dereva aliniangusha matopeni mara mbili, na mara zote mbili akaniuliza kwa nini sikushika vizuri. Mkulima mmoja Mmakonde alitukatia mianzi sita nyuma ya shamba lake la mihogo, akataka kujua tunajenga nini. Nikamwambia kirusi. Akatikisa kichwa kwa huruma na kuniongeza wa saba.

Jumapili na Jumatatu shangazi alisuka, nami nikawa mpasuaji wa fito. Alianza kwa bonge la makumbi ya nazi, akasuka kulizunguka ili kazi isimame. Nikafurahi, kwa sababu kirusi nacho huanza na kiunzi cha protini ndani, ambacho huondoka baadaye. Furaha yangu ikazidi nilipotaka kumwambia kuhusu macho ya pembe tano, nikakuta keshayaweka. Ukisuka macho ya pembe sita matupu, unapata jamvi, halijikunji milele. Pale unapotaka ukuta ugeuke, lazima jicho moja liwe la pembe tano, na ili tufe zima lifunge yanahitajika kumi na mawili. Sikumfundisha. Nilihesabu tu nyuma yake: moja, mawili, mpaka kumi na moja.

La kumi na mbili hakulifunga. Pale akasuka mdomo, kama wa dema lolote.

"Shangazi, hapo pazibe. Kirusi hakina mlango."

"Mie sijasuka kitu kisicho na mdomo tangu nizaliwe."

"Lakini hiki si dema!"

"Kama si dema, mbona umenifuata mie? Ungemfuata fundi magari."

Nikapandisha sauti. Nasema ukweli, nilimfokea shangazi yangu uani kwake, mpaka mpimaji akafunga dirisha. Shangazi akasema "pronto", yaani tayari, akaliweka tufe chini na kuingia jikoni. 

Jumanne asubuhi nikafungua kitabu nilikotoa michoro yangu, nipate ushahidi wa kumwonyesha. Nikausoma ukurasa ambao siku zote nilikuwa nauruka. Ulieleza kwamba katika pembe kumi na mbili za ganda la virusi hawa, pale penye macho ya pembe tano, moja haifanani na nyingine. Ni mlango. Uzi wa urithi husukumwa kuingilia hapo, na katika virusi wengi ganda huanza kutanuka wakati uzi ukiingia. Mchoro wangu ulikuwa umeuacha mlango huo. Ningesimama mbele ya jopo na ganda lisiloingiliwa na chochote, na nafasi yangu ingeishia hapo.

Nilimkuta shangazi akitwanga. Nikapiga magoti, nikamwomba radhi.

"Radhi unayo," akasema. "Shika mchi."

Baada ya hapo tukachomoa makumbi vipande vipande kwa vidole kupitia macho ya tufe. Alikuwa ameacha ncha za fito ndefu, zimepishana bila kufungwa. Nikaanza kusukuma kamba ya nazi mdomoni. Kamba ikaingia, ikajikunja ndani, na fito zikaanza kuteleza. Tufe likavimba, macho yakafunguka, kuta kati ya pembe zikalala. Shangazi akapiga mapaja.

"Linakua! Ebu litazame, linakua kama mimba!"

Ijumaa nilivuka mto kurudi, na afisa yuleyule akaomba kulishika. Wiki iliyofuata nilifundisha Dar es Salaam. Swali la kwanza kutoka kwa jopo lilikuwa juu ya ule mlango, na nililijibu. Nilikwenda Palma nikidhani naazima mikono ya shangazi tu. Nimerudi najua kwamba fundi akikataa agizo lako, uulize sababu kabla ya kumfokea. Hilo halimo katika kitabu chochote nilichosoma.

Majibu yalipotoka nilimpigia simu.

"Nimepata, shangazi."

Akapiga kigelegele kirefu, nikasikia na majirani wakiitikia bila kujua wanashangilia nini. Kisha akauliza kwa sauti ya chini, "Na dawa hiyo ya kipindupindu, kwa hao wadudu wako, itatoka lini?"

Nikamwambia ukweli, kwamba sijui. Huenda ikachukua miaka ishirini, huenda hata mimi nisiione.

"Basi usikae kuzungumza na mie," akasema. "Nenda kasome."